Wako na sauti, mulango ndio umefungwa



Kama umemaliza masomo makubwa katika muji wowote wa inchi hii, umeisha kuingia mara moja ao mara kumi katika seminari yenye kichwa cha namna hii: kutegemeza watetezi wa chini wenye kupigania haki za watu, haki ya mazingira, na haki ya kila mutu kuhesabiwa. Mwenye kusimama wa kwanza anasema: "Sisi tuko sauti ya wale wasio na sauti." Watu wanapiga mikono. Kisha ni kahawa, kisha picha ya wote, kisha perdiem, na kila mutu anarudia kwake.

Leo ninataka nikamate hayo maneno, niyaweke mbele ya filimu moja ya kwetu, niangalie kama yanaweza kusimama. Filimu inaitwa "En route pour le milliard". Kwa Kiswahili tungesema: katika njia ya kutafuta miliari. Ni ya Dieudo Hamadi, mutoto wa Kisangani, na ilitoka mwaka wa 2020. Watu wengi wameisikia jina juu ilichaguliwa na festivali ya Cannes mwaka ule, na walisema ni filimu ya kwanza ya Kongo yetu kuingia katika orodha ile kubwa. Lakini kusikia jina ni kitu kimoja, kuangalia ni kitu kingine. Na wakati unaiangalia mupaka mwisho, yale maneno ya seminari yanaanguka yenyewe.

Tukumbushane kwanza, juu kati yetu kuna wenye walikuwa watoto wadogo na wenye walikuwa hawajazaliwa. Kuanzia tarehe 5 mupaka tarehe 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana wao kwa wao ndani ya muji wa Kisangani. Walikuwa wamekwisha kupigana pale pale mwezi wa 8 mwaka wa 1999, na tena mwezi wa 5 mwaka wa 2000. Safari hii ilikuwa siku sita muzima, mabombe ikipita juu ya vichwa vya watu na kuangukia nyumba zao. Ndiyo maana watu wa kule wanasema tu: Vita ya Siku Sita. Ile rapori Mapping ya Umoja wa Mataifa, yenye ilitangazwa mwaka wa 2010, inahesabu raia wenye walikufa kati ya 244 na 760, wenye waliumia zaidi ya 1000, na nyumba za watu zaidi ya 400 zenye ziliharibiwa. Kanisa kubwa la Notre-Dame, masomo, hospitali, vyote viliguswa.

Sasa sikia hii. Tarehe 16 Juni 2000, siku sita tu kisha mizinga kunyamaza, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1304. Ndani yake iliandikwa wazi kama Uganda na Rwanda wanapaswa kulipa juu ya watu wenye walikufa na mali yenye iliharibiwa Kisangani. Ni kusema karatasi ilikuja mbio sana. Karatasi haikukawia hata kidogo.

Filimu inaanza wakati miaka karibu 18 imepita na karatasi ile haijamulisha mutu. Inatuonyesha kikundi cha watu wa Kisangani wenye walibakia na alama ya vita ile katika mwili: mwenye alikatwa muguu, mwenye alikatwa miguu yote miwili, mwenye alipoteza mukono. Wako na chama chao. Wamengojea, wameandika, wamepiga mikutano. Siku moja wanaamua: tunapanda mashua, tunashuka na muto mupaka Kinshasa, tunaenda kuuliza wenyewe. Muto kutoka Kisangani mupaka Kinshasa ni karibu kilometa 1700. Watu wenye magongo na miguu ya kubandika, wakipanda mashua yenye imejaa watu na mizigo, chini ya bashi ya plastiki. Hiyo ndiyo filimu.

Kitu cha kwanza chenye kunigusa ni namna Hamadi anaweka kamera. Hakuna sauti ya mutu wa inje mwenye kutuelezea tufikiri nini. Hakuna mutaalamu mwenye kukaa mbele ya kabati ya vitabu na kusema "hawa watu wanateseka sana". Kamera inashuka chini, inakaa fasi watu wanakaa, na inangojea. Kama mutu anatambaa kwa kufika fasi fulani, tunatambaa pamoja naye, kwa mwendo wake. Wakati mvua inapiga ile mashua na bashi inashindwa, hatuoni mvua kutoka mbali kama picha muzuri ya muto Kongo. Tuko chini yake. Filimu nyingi za wageni juu ya inchi yetu zinapenda muto sana kuliko watu wenye kuwa juu yake. Hii inafanya kinyume, na inafaa tumushukuru Hamadi juu ya hiyo.

Kitu cha pili ni kwamba hataki kuwageuza kuwa watakatifu. Wanabishana. Wanagombana juu ya feza, juu ya nani atasema, juu ya nani anatangulia. Wanawake wa kikundi hawanyamaze mbele ya wanaume wenye kujiita wakubwa. Wanacheka, wanatukanana kidogo, wanapatana. Mutu mwenye amezoea picha za maONG, fasi kila muteswa anaangalia chini na kusema asante, atashangaa. Na ni hapa filimu inafanya kazi yake kubwa: tunaona watu wenye kufanya siasa. Siasa ya kweli, ile ya kukaa pamoja, kukosa kupatana, kupiga hesabu ya safari, kuchagua neno la kusema mbele ya mukubwa.

Basi ninauliza: katika watu hawa, ni nani asiye na sauti? Wanasema Kiswahili, wanasema Lingala, wanasema kwa nguvu. Wanajua majina ya majeshi, wanajua tarehe, wanajua kiasi chenye wanaomba: dola miliari moja. Wakifika Kinshasa na kusimama mbele ya Palais du Peuple, fasi Bunge linakutania, wanapaaza sauti mupaka mutu wa mbali anaweza kusikia. Sauti iko, tena mingi. Kitu chenye hakiko ni mulango. Wanasukumwa, wanaambiwa wangojee, wanaambiwa si wakati wake juu inchi iko katika mambo ya uchaguzi wa mwisho wa 2018. Mulango ule wa chuma ndio unasema neno kubwa kuliko yote katika filimu, na hausemi kitu.

Ninajua mutu mumoja atajibu: lakini hayo maneno ya "sauti ya wasio na sauti" yamebebwa na watu wa heshima. Ni kweli. Kuna shirika la Kinshasa lenye kubeba jina hilo, na kiongozi wake Floribert Chebeya aliuawa mwezi wa 6 mwaka wa 2010, yeye na mushofere wake Fidèle Bazana, kisha kuitwa kwenye biro kubwa ya polisi. Huyo alilipa kwa damu, na mimi siko na neno la kumuongezea. Ninasema juu ya sisi wenye kuokota maneno ya mutu ule na kuyaandika kwenye banderole ya seminari. Kwa Chebeya, maneno yalikuwa na maana ya kuingia ndani ya mulango wenye unaweza usitoke tena. Kwetu, mara mingi, yanamaanisha kwamba sisi ndio tutazungumuza na mwenye kutoa feza, na wao watabakia kwenye picha.

Bon. Filimu ni muzuri, lakini haiko bila kasoro, na mutu wa critique asiyesema kasoro ni mutu wa matangazo.

Kasoro ya kwanza: filimu haituelezee sababu gani njia ya haki inapita Kinshasa. Mutazamaji mwenye hajui atajiuliza: kama ni majeshi ya Uganda na Rwanda ndio walipiga muji, sababu gani hawa watu wanaenda kupiga makelele kwa wabunge wa Kongo? Jibu ni la sheria, na ni la maana sana. Tribinali ya Kimataifa ya Haki, ile ya La Haye, haipokee mutu wa kawaida. Inapokea serikali juu ya serikali. Kongo ilishitaki Uganda, na tarehe 19 Desemba 2005 Tribinali ilisema Uganda iko na kosa na inapaswa kulipa. Kongo ilishitaki Rwanda vilevile, lakini mwezi wa 2 mwaka wa 2006 Tribinali ilisema haina uwezo wa kukata kesi ile, juu Rwanda haikukubali mamlaka yake. Kwa hiyo nusu ya vita ile haina mulango kabisa La Haye, na nusu ingine, feza zake zinapaswa kupita kwanza katika mikono ya serikali yetu. Mwenye alikatwa muguu Kisangani haiko mushitaki katika kesi yenye inasema juu ya muguu wake. Ukielewa hii, safari ile ya mashua haiko tena mambo ya kuhurumia tu. Ni watu wenye walielewa vizuri mulango uko wapi, na wakaufuata kilometa 1700. Hamadi angetupatia ujuzi huu hata kwa sentensi tatu za maandiko, filimu yake ingekata zaidi.

Kasoro ya pili ni mambo ya teatri. Katikati ya safari, filimu inakata na kutupeleka kwenye jukwaa, fasi wale wale watu wanacheza maisha yao mbele ya giza. Mara ya kwanza nilikubali kabisa. Pale wao ndio wanaamua tuone mwili wao namna gani. Hakuna daktari, hakuna mupiga picha wa shirika. Mutu anavua muguu wake wa kubandika kwa saa yenye yeye mwenyewe amechagua, na ni wewe mwenye kuangalia ndio unapata haya. Hiyo ni nguvu kubwa. Lakini kwa kurudi-rudi, teatri inaanza kutufasiria kitu chenye mashua ilikuwa imekwisha kutuonyesha. Safari inapoteza pumuzi. Ningepunguza nusu.

Kasoro ya tatu haiko ya Hamadi peke yake, ni ya ulimwengu wa sinema yote. Filimu ilisafiri mbali kuliko watu wake. Wao walipanda mashua kwa siku mingi kwa kukuta mulango umefungwa. Picha zao ziliingia katika mafestivali ya Ulaya na ya Amerika bila kusukumwa na polisi. Siwezi kumulaumu mutengenezaji wa filimu juu filimu yake inapendwa. Lakini swali linabakia: kisha watu kupiga mikono kule, ni nani alirudia na kitu Kisangani? Mwenye kusema anategemeza watetezi wa chini anapaswa kujipima na swali hili, akiwa mupiga filimu, akiwa shirika, akiwa sisi chama cha wasomi.

Ni vizuri kulinganisha na filimu yake ya mbele, "Maman Colonelle" ya mwaka wa 2017. Kule tunafuata Colonel Honorine Munyole, polisi mwenye kulinda wanawake na watoto, mwenye anahamishwa kutoka Bukavu na kupelekwa Kisangani. Akifika, anakuta wale wale wateswa wa Vita ya Siku Sita, na anajaribu kuwasaidia akiwa na karibu hakuna kitu mikononi. Mupaka anasimama mbele ya watu kuomba michango. Ni mwanamuke wa ajabu, na filimu ile inapendwa kwa haki. Lakini pale mutetezi ni mutu mumoja mwenye kuvaa uniforme, na wateswa wanangojea mbele ya mulango wake. Katika "En route pour le milliard", Hamadi anageuza meza: hakuna tena mama mwenye cheo. Wateswa wenyewe ndio watetezi. Kwangu mimi hatua hii kutoka filimu moja mupaka ingine ni critique ya kwanza ya Hamadi juu ya Hamadi, na anaifanya bila kusema neno. Sisi tunatafuta kila siku shujaa mumoja wa kumupatia prix na kumupiga picha. Yeye alihama kutoka kwa shujaa na kwenda kwa chama.

Na ile miliari, iliishia wapi? Filimu inaisha bila kuipata, na haikuweza kufanya ingine. Lakini historia iliendelea, na tuko na deni ya kuifuata. Mazungumuzo kati ya Kongo na Uganda juu ya malipo yalikuwa yameshindwa, na mwaka wa 2015 Kongo ilirudia La Haye. Iliomba zaidi ya dola miliari 11. Tarehe 9 Februari 2022, Tribinali ilikata: dola milioni 325. Milioni 225 juu ya watu, milioni 40 juu ya mali yenye iliharibiwa, milioni 60 juu ya utajiri wa udongo na wa pori wenye uliibwa. Uganda ilipaswa kulipa milioni 65 kila mwaka, miaka mitano, kuanzia Septemba 2022. Hiyo ni kwa ajili ya Kongo yote yenye Uganda ilikanyaga, Ituri ndani, Kisangani ndani.

Kwa kugawanya feza hizo, serikali iliunda mwishoni mwa 2019 mufuko wenye kuitwa FRIVAO, na biro yake kubwa iliwekwa Kisangani. Muangalie vizuri: mulango sasa umekuja mupaka kwao, hawahitaji tena mashua. Je, walilipwa bila shida? Wote tulifuata habari. Kelele za wateswa juu ya orodha na juu ya namna mufuko ule unaongozwa hazikuisha. Na tarehe 2 Septemba 2025, Tribinali kubwa ya Kasasio ya Kinshasa ilimuhukumu Constant Mutamba, mwenye alikuwa waziri wa Haki, miaka 3 ya kazi za lazima juu ya dola milioni 19 zenye zilipaswa kujenga gereza Kisangani, zenye zilitoka katika feza za mufuko huo. Yeye alikataa kosa mupaka mwisho. Mimi sirudie kesi. Ninajiuliza tu swali moja la kawaida: hata kama gereza lingejengwa, zuri, na kuta na mulango, feza ya muguu wa mutu ingeingia namna gani katika matofali ya gereza? Watu wa mashua, kama wangekuwa wamekaa kwenye meza ile, wangeuliza swali hili siku ya kwanza.

Hapa ndipo filimu inatoka Kisangani na kutufikia sisi wote. Juu ile mashua, ikishuka, inapita Mbandaka. Pande zile kuna mabwawa ya udongo mweusi wenye wasomi wanaita turbi. Mwaka wa 2017 wataalamu walitangaza kama mabwawa yale, katika Kongo zote mbili, yanashika karibu tani miliari 30 za kaboni. Tangu siku ile tunajiita "inchi ya suluhisho" mbele ya dunia. Mwezi wa 7 mwaka wa 2022, serikali yetu iliweka sokoni vipande 30 vya udongo, 27 vya petroli na 3 vya gaze, na vingine vilikuwa vinagusa mabwawa yale na hata parke ya Virunga. Miezi mitatu haikwisha, Kinshasa ikapokea mukutano mukubwa wa kutayarisha COP27. Hoteli zilijaa. Mwaka wa 2024 ule muzabuni wa petroli ulifutwa. Lakini muvuvi wa kule, mwenye bwawa ni shamba lake na friji yake na banki yake, kama alitaka kusema neno lake kabla ya vipande kuwekwa sokoni, alikuwa na njia gani? Mashua ile ile, muto ule ule, mulango ule ule. Haki ya mazingira na haki ya muguu wenye ulikatwa zinapanda chombo kimoja.

Basi kutegemeza ni nini? Sitaandika hapa orodha ya mapendekezo, tuko nazo za kutosha katika makabati. Nitasema tu chenye filimu inafundisha mwenye kuiangalia kwa macho ya kazi.

Inafundisha kwamba safari iko na bei, na bei ile ni sehemu ya haki. Watu hawa walikuwa na hoja, walikuwa na ushuhuda, walikuwa na azimio la Umoja wa Mataifa. Kitu chenye kilikuwa kinawasumbua ni tiketi, chakula cha njiani, fasi ya kulala Kinshasa, na choo chenye mutu wa magongo anaweza kuingia. Proje mingi zinalipa karatasi, hoteli na mutaalamu, na zinaandika "usafiri" chini kabisa, kama kitu cha aibu. Na tena tunafanya mikutano juu ya watu wenye ulemavu kwenye étage ya pili, nyumba haina asansere. Wanaobebwa mugongoni mbele ya watu wote kwa kufika kwenye mukutano juu ya heshima yao, munafikiri wanarudia nyumbani na nini?

Inafundisha kwamba chama kinapaswa kuachwa kigombane. Wenye kutoa feza wanapenda kikundi chenye "umoja", chenye musemaji mumoja mwenye kujua Kifaransa. Mara mingi musemaji ule ni sisi, wenye diplome. Katika filimu, kila mara mutu wa chini ya kikundi anasema "hapana, si vile", kikundi kinapata akili mupya. Tukiingia na haraka yetu na kuchagua kwa ajili yao mutu wa kusema, tunawaondolea kitu chenye kilikuwa kinawashikilia miaka yote ile.

Na inafundisha kwamba musaada wenye kudumu ni wa kazi ndogo-ndogo zisizo na picha. Sisi wa chama hiki tuko na ma-avoka, tuko na wahesabu, tuko na wauguzi, tuko na walimu. Hukumu ya 2022 iliandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Mutu mwenye alikatwa muguu Kisangani, anaisoma wapi katika luga yake? Orodha ya wateswa, nani anashika kopi yake inje ya biro ya serikali, ili jina lisipotee siku shefu anabadilishwa? Nani anaenda pamoja na mutu kwenye biro, si kusema kwa fasi yake, ila kukaa kando yake na kuangalia kama yule wa nyuma ya meza anaandika kweli chenye kimesemwa? Hakuna mufadhili mwenye atalipa banderole juu ya kazi hizo. Lakini ni hizo zinafanya mulango ufunguke kidogo, na mulango ukifunguka kidogo, watu hawa wanajua namna ya kuingia. Filimu yote ni ushuhuda wa hiyo.

Hamadi alitengeneza mwaka wa 2014 filimu ingine ndani ya Kisangani, "Examen d'État", juu ya wanafunzi wenye kutafuta kwa kila njia kupita muhani wa serikali. Sisi wote tulipita mulango ule. Wengine wetu tulisukumwa na wazazi wenye kuuza mbuzi, wengine na kanisa, wengine na bahati tu. Hakuna aliyepita peke yake. Kwa hiyo tusijifanye kama hatujui kazi ya kufungulia mutu mulango iko namna gani.

Itafuteni filimu hii, ndugu. Iangalieni pamoja, si kila mutu peke yake kwenye simu. Kisha, kabla ya kutayarisha seminari ingine, tuwafikie watu wa chama kimoja cha wateswa, ao cha wavuvi, ao cha wenye ulemavu, penye kila mumoja wetu anaishi. Tusiwaulize wanateswa na nini, wameisha kulisema mara mia. Tuwaulize tu: ile barua yenye muliandikia serikali, kopi yake iko wapi? Iko na kashe ya kuonyesha kama ilipokelewa? Na siku ya kuenda kuuliza jibu ni siku gani, ili tutafute tiketi?